SURA YA GRANT

SEHEMU YA KWANZA: KANDA

Baa ya Queen Victoria imejaa hadi mlangoni. Ni sherehe ya uchumba wa Phil Mitchell na Kathy; bia zinamiminwa, watu wanapigana vikumbo wakicheka. Katikati ya vicheko hivyo anatokea mdogo wake Phil, Grant: kichwa kimenyolewa, mabega mapana, uso umekunjamana. Ana kanda ya kaseti. Anaiwasha, na sauti inajaa baa nzima.

Ni sauti ya mkewe, Sharon. Hakujua kwamba maneno yale siku moja yatasikika mbele ya kadamnasi. Alikuwa akimmwagia siri shoga yake Michelle, ambaye alikuwa akirekodi mazungumzo kwa ajili ya kazi yake ya chuo, na katika kumwaga huko Sharon akakiri kuwa aliwahi kulala na shemeji yake. Yaani Phil. Yaani bwana harusi mtarajiwa.

Ikalia ile midundo ya ngoma ambayo kwayo kila kipindi cha tamthilia ya EastEnders hufungwa, na picha ikakata. Kabla hadithi hiyo haijatulia, Phil alishalazwa hospitalini kwa kipigo cha ndugu yake wa tumbo moja.

Hiyo ilikuwa Oktoba 1994. Watu zaidi ya milioni 25 walikuwa mbele ya televisheni zao, katika nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni 60. Karibu nusu ya Uingereza iliacha vyombo jikoni ikaketi kumtazama mume akiaibishwa, na kesho yake habari ikawa ndiyo hiyo kazini, sokoni na kwenye mabasi.

Msomaji, simulizi yetu haimhusu Grant. Inamhusu mtu aliyeivaa ngozi ya Grant kwa miaka tisa, kisha akaivua, akaenda kutafuta kazi ambayo wengi waliapa hataiweza. Jina lake Ross Kemp.

Alizaliwa tarehe 21 Julai 1964 Barking, mashariki ya London. Mama yake alikuwa msusi. Baba yake alikuwa mpelelezi wa cheo cha juu katika polisi wa London, mtu ambaye ugali wake wa kila siku ulitokana na kuuliza maswali na kusubiri majibu. Kabla ya polisi, mzee huyo aliwahi kuwa askari wa jeshi katika kikosi kilichoitwa Royal Norfolk. Lishike jina hilo, tutalihitaji.

Kijana hakufuata upolisi wala ujeshi. Alikwenda kusomea uigizaji katika chuo cha Webber Douglas, London. Mwaka 1986 akapata nafasi katika Emmerdale Farm, tamthilia ya wakulima wa Yorkshire. Haikumpa jina kubwa, lakini ilimzoesha kazi yenyewe: kuamka alfajiri, kukariri maneno usiku, kurudia tukio moja hadi mwongozaji aridhike.

Februari 1990 mlango mkubwa ukafunguka. EastEnders ilikuwa na miaka mitano tu tangu BBC ilipoianzisha tarehe 19 Februari 1985, na ilihitaji damu mpya. Waliletwa ndugu wawili mafundi magari, Phil na Grant. Phil alichezwa na Steve McFadden, Grant akachezwa na Kemp. Wote wawili wana kifua, wote wawili vichwa vimepungukiwa nywele, na ukiwaweka pamoja hakuna mtazamaji ambaye angetilia shaka kwamba ni toka nitoke.

Mtaa wa Walford wanamoishi haupo kwenye ramani yoyote ya London. Ulijengwa Elstree, kaskazini ya jiji, katika kiwanja cha studio. Nyumba zake nyingi zina uso tu. Ukisukuma mlango wa Queen Victoria kutoka uwanjani hukuti kaunta wala wateja. Baa ya ndani imejengwa kwenye jengo lingine kabisa, na mwigizaji aliyeingia mlangoni leo huenda akapigwa picha akitokea ndani siku nyingine. Kemp aliishi katika dunia hiyo ya mbao na rangi kwa karibu muongo mzima.

Grant mwenyewe aliandikwa kuwa askari wa miamvuli aliyepigana vita vya Falklands mwaka 1982. Alirudi na jinamizi. Alikuwa akishtuka usiku, akipiga watu bila sababu inayoonekana, akimpiga hata mke. Kemp, ambaye hakuwahi kuvaa gwanda la kweli, alilazimika kujifunza jinsi mtu aliyeua vitani anavyokaa kitini, anavyoshika glasi, anavyomtazama anayemgeukia ghafla. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno. Barabarani watu hawakumwita Ross.

Umaarufu wa namna hiyo una mtego wake. Mwigizaji wa sinema hubadilisha sura kila filamu. Wa tamthilia huingia sebuleni kwa watu mara mbili tatu kwa wiki na sura ileile, hadi watu wakasahau kuwa nyuma yake kuna mwingine. Anayetaka kutoka hutoka na kivuli.

Kemp akaamua kutoka.

Oktoba 1999. Gari linakwenda kasi usiku. Ndani wamo ndugu wawili, bunduki moja na ugomvi wa miaka. Gari linatumbukia katika mto Thames. Phil anaokolewa. Grant haonekani. Watazamaji wanamlilia, kisha wanakuja kugundua kwamba hakufa: amekwenda zake Brazil.

Huyo Grant alipelekwa Brazil kwa kalamu ya mwandishi wa skripti. Kemp, akiwa na miaka 35, hakujua kwamba naye atafika Brazil kwa miguu yake mwenyewe, akipanda kilima ambacho polisi hawakipandi bila silaha, na huku waliomsubiri juu wameshika bunduki ambazo hazikutoka stoo ya studio.

Nani alimpeleka huko? ITAENDELEA.

SEHEMU YA PILI: NAMBA

ILIPOISHIA: Grant Mitchell ametumbukia Thames na kuibukia Brazil. Ross Kemp ameachana na tamthilia iliyompa jina, na mbele yake kuna kilima chenye watu wenye silaha.

ENDELEA...

Hakwenda moja kwa moja. Kwanza alisainiwa na ITV kwa mkataba mnono. Nazungumzia ITV ya Uingereza, si ile ya Mikocheni tuliyoitazamia Isidingo. Huko akapewa tamthilia mbalimbali, na mwaka 2002 ikaja Ultimate Force, ambamo alikuwa Henno Garvie, sajini wa SAS, makomandoo wa Uingereza. Aliyesaidia kuibuni ni Chris Ryan, komandoo halisi, ambaye mwaka 1991 wakati wa vita vya Ghuba alikwama ndani ya Iraki na kutembea kwa miguu hadi Syria.

Kwa hiyo Kemp aliacha kuigiza askari mstaafu, akaanza kuigiza askari aliye kazini. Bunduki zilibadilika, sura ilikuwa ileile. Wakosoaji wakaona wamemjua: mtu wa kukunja uso na kuvunja milango, basi.

Ndipo Sky One, chaneli ya kulipia, ikamkabidhi kazi ambayo haikuwa na skripti. Azunguke duniani, akae na magenge ya wahalifu, awaulize maswali mbele ya kamera. Kipindi kikaitwa Ross Kemp on Gangs. Ukitaka kujua jinsi wazo hilo lilivyopokelewa, fikiria mhariri wa habari wa gazeti lolote hapa kwetu akiambiwa kwamba nyota wa tamthilia ya jioni anatumwa kuripoti ujambazi. Angecheka kwanza, halafu angeuliza nani atakayemwandikia maswali.

Rio de Janeiro ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Vilima vya jiji hilo vimefunikwa na nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, moja imekaa juu ya bega la nyingine, na njia kati yake hazipitishi gari. Humo linatawala Comando Vermelho, genge lililozaliwa gerezani katika kisiwa cha Ilha Grande miaka ya 1970, pale serikali ya kijeshi ilipowafunga pamoja wafungwa wa kisiasa na wezi wa benki. Wezi walijifunza kwa wafungwa hao wa kisiasa namna ya kujipanga. Walipotoka, dawa za kulevya zikawapa fedha. Watoto hukaa juu ya mapaa na fataki mkononi. Polisi wakianza kupanda, fataki inalia, na kilima kizima kinajua.

Mwandishi hapandi kilima hicho kwa ushujaa. Anapanda kwa ruhusa. Kuna mtu anayejuana na mtu, naye anajuana na mkubwa. Ujumbe unapelekwa, jibu linarudi, saa inapangwa, inavunjwa, inapangwa tena. Mpigapicha anaambiwa sura zipi asizionyeshe. Siku kumi za kusubiri huweza kuzaa dakika kumi za mazungumzo.

Kutoka huko akaenda El Salvador, kwa vijana waliochorwa chale za wino hadi usoni. Genge lao, MS-13, halikuanzia kwao. Lilianzia Los Angeles miongoni mwa watoto wa wakimbizi wa vita vya El Salvador vya 1980 hadi 1992. Marekani ilipowakamata na kuwarudisha makwao, iliwarudisha na genge lao, katika nchi ambayo ndiyo kwanza inatoka vitani na ambayo polisi wake walikuwa wanaanza upya.

Lakini safari iliyowafanya watu waache kucheka ni ya Afrika Kusini.

Gereza la Pollsmoor liko nje kidogo ya Cape Town, chini ya milima. Nelson Mandela alifungwa hapo kutoka 1982 hadi 1988. Kemp hakufuata historia hiyo. Alifuata Namba.

Namba ni magenge matatu: 26, 27 na 28. Wenyewe husimulia kuwa mwanzilishi wao ni Nongoloza, Mzulu aliyeongoza majambazi katika vilima vya kando ya Johannesburg mwishoni mwa karne ya 19, enzi za machimbo ya dhahabu. Alipofungwa, jeshi lake liliingia naye gerezani na halikutoka tena. Lina majenerali, mahakimu na madaktari. Lina sare ambazo mtu wa nje hazioni, lina saluti, lina lugha yake iitwayo Sabela. Watu wa 26 hutafuta fedha kwa ujanja. Wa 27 hulinda sheria za magenge, na sheria hizo hulindwa kwa damu. Wa 28 hujiita wapiganaji wa haki za mfungwa, na ndio hao hao wanaowageuza wafungwa wanyonge kuwa wake zao. Mfungwa mpya anayeingia seli anaulizwa yeye ni nani, na jibu lake ndilo litakaloamua atalala vipi usiku huo.

Kemp aliketishwa uso kwa uso na mkubwa mmoja wa 28. Pale sura ya Grant haikununua hata sigara moja. Yule mzee wa gereza hakuwa na habari na Walford, hakumsikia Sharon, hakujua kanda wala kaseti. Alichokiona ni Mzungu mwenye kichwa cha kunyoa, aliyekuja kuuliza maswali. Akamjibu kwa upole, akielezea kuua na kuchoma visu kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya.

Hapo ndipo ufundi wa zamani ulipofaa. Mwigizaji hufundishwa kumsikiliza mwenzake hadi neno la mwisho kabla hajasema lake. Waandishi wengi hawana subira hiyo. Mhojiwa akinyamaza wanakimbilia swali jingine. Kemp aliacha kimya kikae. Na pengine kulikuwa na kitu cha baba mpelelezi ndani yake, kwa sababu watu wabaya walimweleza mambo ambayo wakili wao angewakataza kuyasema.

Mei 2007 majaji wa BAFTA, tuzo kubwa kuliko zote za televisheni Uingereza, wakakipa kipindi hicho ushindi wa mfululizo bora wa makala za ukweli. Aliyeitwa jambazi wa tamthilia akapanda jukwaa la waandishi.

Wengi wangetulia hapo. Ila mwezi huohuo, katika jimbo la Helmand kusini mwa Afghanistan, batalioni moja ya Kiingereza ilikuwa vitani. Iliitwa Batalioni ya Kwanza ya Royal Anglian. Na Royal Anglian, msomaji, ndiyo iliyorithi kikosi cha Royal Norfolk.

Kikosi cha baba yake kilikuwa kinapigwa risasi, na Ross Kemp alishafanya mazoezi na vijana wake. Je, mtu aliyeigiza askari kwa miaka zaidi ya kumi angefanya nini risasi ya kweli ikimpita sikioni? ITAENDELEA.

SEHEMU YA TATU: MTARO

ILIPOISHIA: Kemp ana tuzo ya BAFTA kabatini. Vijana wa Royal Anglian, warithi wa kikosi alichotumikia baba yake, wako Helmand.

ENDELEA...

Royal Anglian iliundwa tarehe 1 Septemba 1964, Kemp akiwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi miwili. Miaka 42 baadaye alikutana nayo katika viwanja vya mazoezi vya Uingereza, akakimbia na askari ambao wengi wao walikuwa watoto wa shule wakati kanda ya Sharon inalia. Hao walimjua sana. Walimtania, wakamwita Grant, na utani huo ndio uliowalegeza. Batalioni ikaondoka Aprili 2007. Kemp na wapigapicha wake wakaifuata.

Helmand ni jangwa lililopasuliwa na mto. Kandokando ya maji kuna mashamba, mitaro na nyumba za kuta nene za udongo. Ukitoka hapo ni mchanga na mawe. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Askari hubeba maji, risasi, redio na fulana ya kuzuia risasi, mzigo ambao mtu wa kawaida angeutua baada ya hatua mia moja. Mwandishi hubeba mzigo wake pia, bila bunduki wala risasi.

Katika studio mlio wa risasi unatengenezwa. Baruti isiyo na kichwa hulipuka, mwigizaji anaanguka, na fundi sauti anaongeza kishindo baadaye ili mtazamaji ashtuke. Helmand mambo huja kwa mpangilio mwingine. Risasi inakwenda kasi kuliko sauti, kwa hiyo kwanza unasikia mpasuko mkali wa risasi yenyewe ikikupita, ndipo unafuata mdundo wa mbali wa bunduki iliyoitoa. Askari wazoefu huhesabu muda uliopo kati ya milio hiyo miwili ili wakisie adui yuko umbali gani. Asiye mzoefu hufukia uso ardhini.

Kemp alifukia uso ardhini. Picha zipo. Amelala kifudifudi, kofia ya chuma imemshukia, mavumbi yanaruka, na ule uso uliotisha Uingereza kila Jumanne na Alhamisi umekuwa uso wa baba wa watu anayetaka kurudi nyumbani. Hakuficha woga wake wala hakumtaka mhariri aukate. Grant asingekubali kuonekana hivyo. Kemp alikubali, na siku hiyo ndiyo aliyomzika.

Waliokuwa pembeni yake hawakuwa na mwongozaji wa kusema kata. Batalioni hiyo ilipoteza askari 9 katika miezi sita. Tarehe 23 Agosti 2007, karibu na Kajaki, ndege ya Kimarekani iliyoitwa kuwasaidia ilidondosha bomu juu ya askari wenyewe, na watatu wakafa. Katika tamthilia mtu akifa, mwigizaji hufuta rangi nyekundu na kwenda kunywa chai. Hapa jeneza lilipakiwa ndege, na wenzake wakatoka tena doria.

Makala zilionyeshwa kuanzia Januari 2008 chini ya jina Ross Kemp in Afghanistan. Akina mama wa Norfolk na Essex waliona kwa mara ya kwanza mahali ambapo watoto wao walikuwa wanalala. Pamoja na sifa, lilikuwapo pia swali la haki. Mwandishi anayekula na askari, anayelala nao na kulindwa nao, huviona vita kwa macho yao. Mkulima wa Helmand ambaye ukuta wake umebomolewa na kombora hapati dakika nyingi mbele ya kamera ya namna hiyo. Upungufu huo umo katika makala za Kemp, na anayezitazama leo inampasa azitazame akilijua hilo.

Hata hivyo, uandishi haupimwi kwa safari moja. Mtu maarufu anaweza kwenda vitani mara moja kwa ajili ya picha. Kemp alirudi Afghanistan, makala nyingine zikatoka 2009, akarudi tena, nyingine zikatoka 2011. Jina lilimfikisha mlangoni; kurudi ndiko kulikompa haki ya kukaa ndani.

Na katikati ya safari hizo alisogea karibu na bahari yetu.

Wasomaji wa Pwani wanaikumbuka miaka ile. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina ikiwa njiani kuja Mombasa, na tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33. Novemba wakaikamata Sirius Star, meli ya Saudia yenye mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi, ikiwa bahari kuu kusini-mashariki ya Mombasa. Meli za chakula cha msaada ziliogopa kutoka Kilindini kwenda Somalia bila ulinzi. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulituma manowari, na mojawapo ilikuwa HMS Northumberland ya Uingereza, iliyosindikiza shehena za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kutoka Mombasa. Muda si mrefu watuhumiwa wa uharamia wakaanza kupelekwa rumande katika gereza la Shimo la Tewa.

Kemp alipanda manowari hiyohiyo katika Ghuba ya Aden, akitengeneza mfululizo wa kutafuta maharamia uliotoka 2009. Kazi ilikuwa ngumu kwa namna nyingine kabisa. Haramia wa Kisomali hukaa ndani ya jahazi au mashua inayofanana na za wavuvi wote. Ana ngazi, ana AK-47, ana kidau chenye injini yenye nguvu. Akiona manowari anatupa ngazi na bunduki majini, na kilichobaki ni mvuvi mwenye nyavu chache mno. Siku zikapita za kutazama nukta kwenye rada. Hadithi ikamtoa hapo hadi Nigeria, katika delta ya Niger, kisha mlango-bahari wa Malacca, kabla hajapata aliyekubali kueleza jinsi meli inavyotekwa.

Mwaka 2011 mfululizo wake mwingine, Extreme World, ukamfikisha mashariki ya Kongo. Kufikia hapo hakuna mhariri aliyecheka tena. Kizazi kipya cha watazamaji kilikuwa kimekua kikimjua kama mwandishi wa maeneo ya hatari, na kikishangaa kuambiwa na wazazi kwamba bwana huyu zamani alikuwa na baa.

Alikuwa ameshinda. Mtego wa tamthilia, ule unaomng'ang'ania mwigizaji hadi kaburini, alikuwa ameuruka. Hakuwa na sababu yoyote ya kukanyaga tena Elstree.

Mpaka alipotakiwa na Barbara Windsor.

Bi Barbara ndiye aliyecheza Peggy Mitchell, mama wa Phil na Grant. Aliingia Walford Novemba 1994, wiki chache tu baada ya ile kanda, mwanamke mfupi wa sauti kubwa ambaye wanawe majitu wawili walimwogopa kuliko polisi. Mbele ya kamera alikuwa mama. Nje ya kamera alimpenda Kemp kama mama, na Kemp akampenda vivyo hivyo.

Sasa alikuwa na ombi. Mwaka 2016 Peggy atakufa, naye amelikubali hilo. Na kabla hajafa, anamtaka mwanawe arudi. Anamtaka Grant.

Kwa nini mwanamke aliyeupenda uhusika huo kuliko wote akubali kuuzika ilhali watazamaji bado wanamtaka? Kemp alikuwa amezoea kuwafungua midomo majenerali wa Pollsmoor. Lakini tangu 2014 Barbara alikuwa amebeba siri ambayo watazamaji wake hawakuambiwa hadi 2018, na siri hiyo ndiyo iliyompeleka mwandishi huyu kwenye makala nzito kuliko zile za vita, ambazo haikuhitajika fulana ya kuzuia risasi kuzitengeneza.

Je, Kemp alikubali kulivaa tena koti la Grant? Na Barbara alikuwa anaficha nini?

Usikose sehemu ya nne Jumamosi ijayo, katika ukurasa huuhuu.